Muganga wa Bukavu

Nilikulia Tanga, ambako mganga ni mtu wa hirizi na makombe. Mara ya kwanza niliposikia Mkongo akisema anakwenda kumwona muganga, nilimwonea huruma. Nikadhani amekata tamaa na hospitali. Kumbe hospitali ndiko alikokuwa akienda. Kwa Kiswahili cha Kivu, muganga ni daktari.

Neno hilo ndilo lililompeleka Denis Mukwege darasani. Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, baba yake mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto wa miaka minane hivi alifuatana na baba kumwombea mtoto mgonjwa. Walipotoka akauliza: mimi nikiugua unaniombea na dawa unanipa, mbona huyu umemwombea tu? Baba akajibu kwamba yeye si muganga. Basi mtoto akaamua kuwa yeye atakuwa.

Alisomea udaktari Bujumbura, akahitimu mwaka 1983 akiwa na nia ya kutibu watoto. Kisha akapangiwa Lemera, hospitali ya milimani kusini mwa Bukavu. Wengi husimulia habari zake kuanzia Tuzo ya Nobel ya Amani ya 2018. Mimi ningeanzia Lemera. Huko wanawake walifika wamebebwa mwendo mrefu, uchungu umekwama, damu inawatoka, mtoto keshafia tumboni. Wengine walipona lakini wakabaki na fistula, mkojo ukiwavuja bila kukoma. Kijana aliyetaka kutibu watoto aliona kwamba watoto hao walikuwa wakipotea kabla hawajamfikia. Akaenda Angers, Ufaransa, kusomea uzazi. Mwaka 1989 alirudi, ingawa angeweza kubaki, akakabidhiwa kazi Lemera.

Oktoba 1996 vita viliingia hospitalini. Wagonjwa na watumishi waliuawa, na yeye akanusurika kwa sababu hakuwepo siku hiyo.

Mwaka 1999 alifungua hospitali ya Panzi, pembezoni mwa Bukavu. Nia ilikuwa wodi ya wazazi, ili mama asife akizaa. Mgonjwa wa kwanza hakuja kuzaa. Alikuwa amebakwa, kisha akapigwa risasi sehemu za siri. Ujuzi aliojifunza kwa ajili ya fistula za uzazi, Mukwege akautumia kwa majeraha ambayo hakuna mwalimu wa Angers aliyemfundisha.

Alipoanza kuyasema hadharani, watu wenye silaha walimvamia nyumbani, Oktoba 2012. Mlinzi wake aliuawa akijaribu kumwokoa. Yeye na familia wakakimbilia Ulaya.

Hapo wanawake wa Kivu, wengi wao wakiwa maskini hasa, wakaanza kuuza mananasi na mboga wachange nauli ya ndege yake. Nimejaribu kupiga hesabu ni mananasi mangapi yanatosha tiketi moja kutoka Ulaya, nikaishia njiani. Januari 2013 alirudi Bukavu, akahamia kuishi ndani ya uzio wa hospitali.