Je, ulevi hunogesha muziki au hulihadaa sikio?

IMANI kwamba muziki haunogi bila kileo imeota mizizi miongoni mwa vijana wengi nchini.

Kuanzia Sigor katika eneo la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, hadi miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, si ajabu kumsikia kijana akidai kwamba bangi "humfungua masikio", au kwamba bila glasi mbili tatu miguu yake haichezi.

Dai hilo lina chembe ya ukweli. Hata hivyo, uchunguzi wa kisayansi unaonyesha kwamba mlevi mara nyingi hudhani anasikia zaidi ilhali kwa hakika anasikia kidogo.

Muziki ni kileo chenyewe

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba muziki, hata pasipo kitu kingine chochote, huusisimua ubongo kwa njia inayokaribiana sana na ile ya vileo.

Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada walibainisha kwamba mtu anaposikiliza wimbo unaomsisimua hadi malaika yakamsimama, ubongo hutoa dopamini. Hiyo ndiyo kemikali ambayo hutolewa pia mtu anapokula chakula kitamu au anapotumia dawa za kulevya.

Mwaka wa 2017, watafiti wa chuo hicho hicho waliwapa watu waliojitolea dawa iitwayo naltrexone, ambayo huzuia kemikali asilia za raha kufanya kazi mwilini. Nyimbo walizozipenda mno zilipoteza ladha, ingawa bado walizitambua vyema.

Hivyo basi, raha ya muziki hutengenezwa na mwili wenyewe. Anayetumia kileo huwa anagonga mlango ambao tayari muziki ulikuwa umeufungua.

Pombe hupunguza usikivu

Pombe huondoa haya na wasiwasi. Ndiyo maana anayeona aibu kucheza akiwa timamu huinuka kitini baada ya kunywa. Kilichobadilika hapo ni woga wake, wala si wimbo.

Sikio nalo huathirika. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka wa 2007, uliowahusisha watu 30, ulionyesha kwamba pombe hupunguza uwezo wa kusikia kwa muda. Sauti za chini ndizo zilizoathirika zaidi, hasa zile za kiwango cha hertz 1,000 ambazo humsaidia mtu kuyatambua maneno.

Kwa mpenzi wa nyimbo za Kikipsigis, ambazo utamu wake mkubwa umo katika mashairi, mafumbo na majina ya watu wanaosifiwa, hasara hiyo si ndogo. Mdundo humfikia, lakini ujumbe humpita.

Asiposikia vizuri, mnywaji hutaka sauti iongezwe. Hapo ndipo mtego unapotegwa.

Katika utafiti uliofanywa kwenye baa mbili nchini Ufaransa na kuchapishwa mwaka wa 2008, wanaume 40 walichunguzwa bila kujua. Muziki ulipokuwa wa desibeli 72, glasi moja ya bia ilichukua wastani wa zaidi ya dakika 14 kumalizika. Sauti ilipopandishwa hadi desibeli 88, glasi hiyo ilimalizika kwa muda wa kati ya dakika 11 na 12, na idadi ya glasi ikaongezeka.

Kwa ufupi, pombe huita kelele, nazo kelele huita pombe.

Isitoshe, Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe kwa zaidi ya saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, muda huo hupungua hadi saa nne pekee. Aliyelewa hahisi maumivu ya sikio upesi, na huenda akakesha karibu na spika bila kujua anavyojidhuru.

Bangi na miraa

Wavutaji wa bangi husema kwamba wimbo huonekana kuwa mrefu zaidi na kila ala kusikika peke yake. Ni kweli kwamba bangi huvuruga hisia ya muda, hivi kwamba dakika moja huonekana kama kadhaa.

Lakini mwaka wa 2018, watafiti wa London waliwapima watu 16 kwa mashine ya kuchunguza ubongo. Baada ya kuvuta bangi yenye THC, kemikali inayolevya, washiriki walisema kwamba walitamani zaidi kusikiliza muziki na kwamba sauti zilikuwa nzuri zaidi. Hata hivyo, mashine ilionyesha kinyume: sehemu za ubongo zinazopokea sauti, hisia na raha zilikuwa zimepoa.

Kumbuka pia kwamba bangi ni haramu nchini. Anayepatikana nayo hujitia matatani na sheria, mbali na hatari ya kuvurugikiwa na akili, hasa akianza kuivuta angali barubaru.

Miraa na muguka, ambavyo haviharamishwi na sheria ya kitaifa, vina cathinone, kemikali inayouchangamsha mwili. Mtafunaji huweza kucheza ngoma hadi alfajiri. Hata hivyo, uchovu aliouahirisha humrudia kesho yake pamoja na ukosefu wa usingizi na hasira zisizo na sababu.

Desturi ya wazee

Wapo wanaojitetea kwa kusema kwamba pombe na muziki ni desturi ya mababu. Ni kweli kwamba wazee wa Kipsigis walikaa pamoja wakinywa pombe ya nafaka kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, huku chepkong'o, ala ya nyuzi yenye nasaba na nyatiti, ikipigwa.

Lakini pombe hiyo ilikuwa ya wazee na ya hafla maalumu. Haikuwa ya kila jioni, wala haikuwa chang'aa iliyochanganywa na kemikali. Mnamo Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliwaua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi na kuwapofusha wengine.

Aidha, si muziki wote wa eneo hili uliotegemea chungu. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey aliwarekodi wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba "Chemirocha", wimbo ambao jina lake linatokana na mwanamuziki wa Marekani, Jimmie Rodgers. Rekodi hiyo ingali inasikilizwa kote duniani.

Wimbo unapogeuka chambo

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana. Ubongo hufunganisha wimbo na kileo kilichotumiwa pamoja nao. Miezi kadhaa baada ya mtu kuacha, wimbo ule ule ukisikika kwenye matatu huweza kuamsha kiu upya. Kwa sababu hiyo, anayejinasua kutoka kwa uraibu hana budi kuchagua nyimbo zake kwa uangalifu kama anavyochagua marafiki.

Tatizo lenyewe ni kubwa. Utafiti wa mamlaka ya NACADA wa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba Wakenya zaidi ya milioni 3 wa umri wa miaka 15 hadi 65 hutumia pombe, na zaidi ya 500,000 hutumia bangi.

Katika ukanda wa majani chai wa Kericho na Bomet, familia nyingi husubiri bonasi ya mwaka ili kulipa karo na madeni. Fedha hizo zikiishia baa, wimbo wa usiku mmoja huwa umelipiwa na watoto.

Anayetaka kuacha, au mzazi mwenye wasiwasi kuhusu mwanawe, anaweza kupiga simu ya NACADA, 1192, bila malipo.

Naye anayependa muziki kwa dhati na ajaribu jambo moja rahisi: ausikilize wimbo aupendao akiwa timamu, kwa sauti ya wastani, na ayafuate maneno tangu mwanzo hadi mwisho. Huenda akagundua kwamba kwa miaka mingi hajawahi kuusikia.