Habari ya Maji ya Hola

Msomaji, gazeti ni kitu chepesi mkononi, lakini uzito wake katika nchi ni mkubwa. Watu wengi, wakitaka kumaliza ubishi, husema, "Imeandikwa gazetini," kana kwamba kuandikwa ndiko kuthibitika. Nakuomba basi ufuatane nami katika habari moja ya nchi yetu, upate kuona jinsi jambo zito la watu linavyoweza kupewa jina lisilo lake, na kwa njia gani jina hilo huja likavuliwa.

Yafaa kwanza tujue magazeti ya wakati huo yalikuwa ya nani. Mwaka 1902 tajiri wa Kihindi, A. M. Jeevanjee, alianzisha gazeti mjini Mombasa. Mwaka 1905 akaliuza kwa Wazungu, nalo baadaye likajulikana kwa jina la East African Standard, likawa sauti ya walowezi. Ni wenye gazeti hilohilo waliotoa Baraza kwa Kiswahili, kuanzia mwaka 1939. Waafrika nao hawakukaa kimya. Mwaka 1928 chama cha Kikuyu Central Association kilitoa Muigwithania, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta. Chama hicho kilipigwa marufuku mwaka 1940. Mwaka 1945 Henry Muoria akaanzisha Mumenyereri. Lakini hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, gazeti hilo nalo likafungwa pamoja na mengine ya Waafrika. Tangu hapo kesi ya nchi nzima ikawa inasikilizwa kwa upande mmoja.

Nayo kesi yenyewe ilihusu nini? Ilihusu ardhi. Nyanda za juu zenye rutuba zilikuwa zimetengwa kwa Wazungu, na watu waliozaliwa huko wakaishi kama maskwota, wakilima kwa idhini ya mwenye shamba. Wapiganaji wa msituni walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Walakini msomaji wa magazeti ya walowezi alikutana na magaidi, viapo na giza la ushenzi. Habari za shamba na kipande hakuziona ila kwa nadra. Mwaka 1954 serikali ilichapisha hata taarifa ya daktari mmoja, J. C. Carothers, iliyoeleza maasi yale kama matatizo ya akili na nafsi ya Mwafrika. Zingatia faida ya maelezo hayo kwa mtawala: aliyeambiwa ana wazimu haulizwi amenyang'anywa nini.

Hakika damu ilimwagwa pande zote, wala haifai kulificha hilo. Lakini pima hesabu. Raia wa Kizungu waliouawa katika miaka ile walikuwa 32. Raia wa Kiafrika waliouawa na Mau Mau walizidi 1,800. Wapiganaji waliouawa, kwa hesabu ya serikali yenyewe, walizidi 11,000. Ambaye angesoma magazeti ya London peke yake angedhani hesabu hiyo imesimama kichwa chini miguu juu, kwa kuwa kifo cha mlowezi kilipata jina, picha na machozi, na vifo vya Waafrika vilipata tarakimu tu.

Sasa tufike Hola, karibu na Mto Tana. Huko palikuwa na kambi ya watu waliozuiliwa bila kuhukumiwa, ambao serikali iliwaona kuwa wakaidi kuliko wote. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 kati yao walipelekwa kwa nguvu kuchimba mifereji ya maji. Walipokataa kazi, walinzi waliwapiga kwa marungu. Watu 11 wakafa.

Tangazo la kwanza la serikali lilitaja vifo kumi. Likaeleza kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji lililotumiwa na wote, pamoja na walinzi wao. Magazeti yakalichapa. Litazame vizuri, msomaji. Halikusema kwamba maji ndiyo yaliyowaua. Lilisema tu kwamba walikufa baada ya kuyanywa, likamwachia msomaji kazi ya kuunganisha. Ndio uwongo ulio hodari kuliko wote, kwa maana anayeukamilisha ni yule anayedanganywa.

Lakini maiti hazikukubaliana na tangazo. Madaktari walizichunguza wakaona alama za kipigo, na mwezi wa Mei hakimu aliyechunguza vifo hivyo akathibitisha kwamba watu wote 11 walikufa kwa kupigwa. Usiku wa tarehe 27 Julai mambo hayo yalijadiliwa katika Bunge la Uingereza. Enoch Powell, mbunge wa chama kilekile kilichotawala, akasema kwamba haiwezekani kuwa na kipimo kimoja cha haki nyumbani na kingine Afrika. Hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960.

Usidhani, hata hivyo, kwamba waliozuiliwa walikuwa wakingoja tu kusemewa. Miaka mingi kabla ya Hola walikuwa wakiandika barua kwa siri, zikavushwa nje ya kambi mpaka kwa wabunge wa London. Mmoja wao, Josiah Mwangi Kariuki, alitoa kitabu chake mwaka 1963. Kalamu walikuwa nayo. Walichonyimwa ni ukurasa.

Ukweli ukidhihiri, uwongo hujitenga. Ila huweza kuchelewa sana. Marufuku ya Mau Mau iliyowekwa na wakoloni iliondolewa mwaka 2003. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya kambini, ikakubali kuwalipa wadai 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Miaka 54 ilikuwa imepita tangu habari ya maji ya Hola, na wengi wa waliostahili kuyasikia maneno hayo walikuwa wamekwisha zikwa.

Basi wewe usomaye, ukikutana na habari ya watu waliofukuzwa mahali, waliogoma au waliouawa, usiulize tu imeandikwa nini. Uliza ni nani aliyesema, na ni nani aliyekuwapo asiulizwe. Kisha tafuta neno kama lile "baada", lililosimama kimya katikati ya sentensi, likifanya kazi ambayo mwandishi hakuthubutu kuifanya waziwazi.