Popo Yupi? Msufi, Mbuyu na Matabaka Mawili ya Ua la Usiku

Msufi unaotupa usufi wa mito na magodoro, asili yake si huku. Ceiba pentandra ni mti wa Amerika ya kitropiki, na ushahidi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 unaelekea kuonyesha kwamba mbegu zake zilivuka Atlantiki hadi Afrika Magharibi zenyewe, bila mkono wa mtu. Kule Amazoni maua yake huchavushwa na popo wa familia ya Phyllostomidae. Afrika haina hata popo mmoja wa ukoo huo. Msufi haukukosa wageni kwa sababu hiyo: popo wala matunda wa familia ya Pteropodidae waliyaendea maua yake, wakanywa mbochi, wakaondoka na chavua kifuani. Koo hizi mbili zilianza kunywa mbochi kila mmoja kivyake, upande wake wa bahari. Mti uliozoeana na ukoo wa kwanza ukapokelewa na wa pili.

Kisa hiki kinawafurahisha wanaoamini kwamba duniani kuna aina moja ya “ua la popo”. Tangu Federico Delpino alipoanza, katika karne ya 19, kuyapanga maua kwa kufuata wanaoyachavusha, na hasa baada ya kazi za Stefan Vogel za miaka ya 1960, wanabotania wamekuwa na orodha yao: ua kubwa na gumu, jeupe au la rangi iliyofifia, linalofunguka jioni, lenye harufu kali na mbochi tele, lililojitenga na majani. Orodha hiyo imefaa sana. Mapitio ya mwaka 2009 yalihesabu spishi 528 zinazochavushwa na popo, katika familia 67 za mimea, nyingi zikiwa zimefika hapo kwa njia zisizohusiana. Lakini orodha ina kasoro moja kubwa: inamzungumzia popo kana kwamba ni mmoja. Hoja ninayoitetea ni kwamba popo huacha alama zake juu ya ua katika matabaka mawili. Tabaka la msingi hutokana na mambo ambayo popo wote wanywao mbochi wanayo, yaani manyoya, ukubwa wa mwili, njaa na safari ndefu za usiku. Tabaka la juu hutokana na hisi za popo wa mahali fulani, na hilo halisafiri.

Nianze na la juu, maana ndilo lenye maajabu. Popo wa Amerika wanywao mbochi huona kwa masikio; hutoa mlio na kusikiliza mwangwi wake. Basi iko mimea iliyojifunza kujibu. Katika mtambaazi Mucuna holtonii wa Amerika ya Kati, petali ya juu ina kijibonde kinachorudisha mlio kwa popo anayekaribia. Dagmar na Otto von Helversen walipokijaza kijibonde hicho pamba, wageni walipungua sana. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1999. Mmea wa Kuba, Marcgravia evenia, umekwenda mbali zaidi: juu ya maua yake husimama jani lenye umbo la sahani, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba sahani hiyo hupunguza kwa nusu muda ambao popo hutumia kutafuta. Ikweta kuna Anoura fistulata, popo mwenye ulimi mrefu kuliko mwili wake, na ua la Centropogon nigricans lenye mrija unaolingana na ulimi huo.

Usitafute sahani ya mwangwi juu ya mbuyu. Pteropodidae hawatumii mwangwi wa koo. Ni popo wa mapangoni wa jenasi Rousettus tu wanaogonga ulimi ili wapate mwangwi kidogo. Wengine hutegemea macho makubwa na pua. Tena hawaelei hewani mbele ya ua kama wafanyavyo wenzao wa Amerika: hutua, hushika, hukumbatia. Mwegea, kwa hiyo, huteremsha maua yake ya rangi ya damu ya mzee kwa kamba ndefu, mbali na matawi, na ua lenyewe ni gumu kiasi cha kuhimili uzito wa mnyama anayeliparamia. Msomaji aliyewahi kusimama chini ya mwegea usiku, wakati maua yanadondoka puu, puu, anajua kwamba huko juu kuna vurugu.

Tabaka la msingi halina maajabu ya namna hiyo, na labda ndiyo sababu limeandikiwa kidogo. Ua la mbuyu lina stameni zaidi ya 700. Kwa nini mti ufuje chavua kiasi hicho kwa ua linalonyauka kesho yake? Jibu la zamani lilikuwa kwamba popo ni mharibifu, humwaga kingi ili kidogo kifike. Nathan Muchhala na James Thomson waliligeuza jibu hilo mwaka 2010. Katika vizimba vya majaribio huko Ikweta walilinganisha popo na ndege wa mbochi. Kwa ndege, chavua iliyofika kwenye stigma haikutegemea kiasi kilichochukuliwa: walikisia kwamba unyoya wa ndege hupukutisha ziada. Kwa popo, kadiri kilichochukuliwa kilivyoongezeka, ndivyo kilichofika kilivyoongezeka. Kwa mmea unaohudumiwa na popo, basi, kila stameni ya ziada inalipa. Wingi wa chavua ni mtaji uliowekwa mahali penye faida.

Ongeza umbali. Eidolon helvum, popo yule wa rangi ya majani makavu anayelala kwa makundi makubwa mijini, huweza kwenda makumi ya kilomita kwa usiku mmoja. Miti inayoota mbalimbali, kama mibuyu mingi ilivyo, hupata mwenzi ambaye nyuki asingemfikia kwa urahisi. Naona hapa ndipo popo alipoibadilisha zaidi mimea ya tropiki: kwa kuiwezesha miti mikubwa kuishi ikiwa imetawanyika na bado kuchanganya damu. Rangi na harufu ni mapambo juu ya hilo.

Pingamizi zito linatoka kwa mbuyu wenyewe. Afrika Magharibi popo wameonekana mara nyingi kwenye maua yake. Kenya, Coe na Isaac waliandika mwaka 1965 kuhusu komba wanaoyachavusha. Lakini kusini mwa Afrika, utafiti wa mwaka 2020 ulioshirikisha raia wa kawaida kuyakesha maua ulithibitisha kwamba popo ni nadra huko. Nondo wakubwa ndio wageni wa mara kwa mara. Je, ua la popo lisilo na popo linathibitisha nini?

Tazama Madagaska, yenye spishi sita za mibuyu. Nne kati yake zina mrija mrefu mwembamba na huhudumiwa na nondo. Mbili, Adansonia grandidieri na A. suarezensis, zina mrija mfupi na mbochi ulio wazi, na wageni wao ni popo na lemuri. Mbuyu wetu una mrija mfupi. Kama nondo angekuwa mfinyanzi wake mkuu tangu zamani, tungetarajia mrija wa aina ile nyingine. Nondo wa kusini, kwa maoni yangu, ni mpangaji katika nyumba iliyojengwa kwa kipimo cha mtu mwingine, na mti unaoishi karne nyingi hauharakishi kubomoa kuta.

Dai hili linaweza kupimwa, na kuangushwa pia. Ikiwa matabaka haya mawili ni ya kweli, mbuyu wa kusini unaotegemea nondo utatofautiana na ule wa magharibi kwanza katika harufu na saa ya kutoa mbochi, wakati idadi ya stameni bado inalingana. Atakayezihesabu stameni za pande zote mbili na kuzikuta zimepungua kusini huku harufu ikiwa ile ile, atakuwa amenionyesha kwamba nimeyapanga matabaka kichwa chini, miguu juu, kama popo mwenyewe anavyolala.