Tunanenepa au Tunanenepeshwa?

Pale njia panda ya Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambapo malori ya mipaka ya Rusumo na Kabanga hupumzika, chipsi zilizomiminiwa mayai zina majina mawili. Ubaoni zimeandikwa chipsi mayai. Madereva na utingo wao wanaagiza zege. Jina la pili lina ufundi: viazi ndivyo kokoto, mayai ndiyo saruji, na vikishikana havibanduki. Aliyelibuni hakuomba kibali kwa mtu, nasi sote tulimwelewa siku ile ile.

Wataalamu wa lishe hawaandiki zege. Wanaandika chakula cha haraka, na hapo mimi nasita. Haraka tumeipata kwa Waarabu, na kwao ni mwendo, kule kusogea tu. Ndugu yake, harakati, bado anaikumbuka maana hiyo. Sisi tuliigeuza kuwa kasi. Haya, kasi ya nani? Zege hukaangwa mteja akisubiri. Wali na maharage ya mama lishe vimeiva tangu mapema, sahani inafika hujakaa vizuri. Na sisi wa Nyamahanga, tulio kati ya Ngara na Biharamulo, tunajua kwamba ndizi mbivu haidai hata moto: unaimenya, unaila. Kwa kipimo cha saa, hakuna chakula cha haraka kuishinda, wala hakuna mganga aliyeikataza kwa sababu hiyo. Jina hili limekamata saa likaacha mafuta, chumvi na sukari.

Napendekeza vikaangwa. Njia ilishafyekwa na vitafunwa, kwa hiyo sikio halitashtuka. Tusiseme vikaango, maana kikaango ni chombo. Ninaipenda ile w ya kutendwa: kilichokaangwa kina mkaangaji, na mkaangaji ana mtu aliyemuuzia mafuta. Soda na biskuti hazimo, najua. Hizo ziitwe kwa yaliyomo ndani yake: vinywaji vya sukari, vyakula vya unga uliokobolewa. Kukoboa si neno la kitabuni. Kila aliyebeba mahindi kwenda mashineni ameulizwa kama anataka sembe au dona.

Vinywaji vya kuongeza nguvu nisipite bila kuvigusa. Hilo ni jina la muuzaji, na tumelipokea likiwa na sifa zake zote. Ndani ya chupa mna sukari na kafeini. Vinywaji vya kuamsha lingekuwa jina la kweli, kwa sababu dereva wa usiku anachokitafuta ni macho.

Sasa unene wenyewe. Hapa Kiswahili ni tajiri kuliko tunavyodhani.

Kitambi kwanza. Kamusi zinatupa kitambi cha nguo, ile ya kujifunga kiunoni, na kitambi cha tumbo lililojitokeza. Kinachonivuta zaidi ni kitenzi chake. Tunasema fulani ameota kitambi, kama shamba linavyoota magugu. Kinachoota hakina mpanzi. Zamani kitambi kilikuwa cheti cha neema, mtu akikipapasa mbele za watu bila haya, na kitenzi hicho kilitosha, kwa kuwa neema haiulizwi imetoka wapi. Leo kinasomwa pamoja na kipimo cha presha, na kitenzi ni kile kile.

Kiribatumbo ndilo neno la vitabu vya lishe. Nalistahi kwa asili yake: kiriba ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji, neno lililotoka kwenye kirba ya Kiarabu. Tena kiriba hakijijazi, kuna aliyekishika mdomo na kuna aliyemimina. Lakini unene wa maradhi ni wa mwili mzima, tumbo ni mahali pamoja tu. Na muuguzi wa zahanati atamwambiaje mama mtu mzima, aliyekuja kwa heshima zake, kwamba ana kiribatumbo? Shikamoo na neno hilo havikai katika chumba kimoja. Utipwatipwa nao, kwa jinsi unavyotikisika ukiutamka, ni mali ya hadithi. Tuuache huko ustawi. Kwenye kadi ya kliniki tuandike unene uliopitiliza; ni maelezo marefu kidogo, ila hayamvui mtu nguo.

Kuna jina moja ambalo ningelifuta kama ningekuwa na uwezo: nyama uzembe. Maneno mawili, na kesi imekwisha kusikilizwa na hukumu kutolewa. Mama anayelima tangu alfajiri, akazaa watoto sita na kiuno chake kikapanuka, anaitwaje mzembe? Tazama pia magonjwa ya mtindo wa maisha. Mtindo huchaguliwa, kama mtindo wa nywele. Anayelala kwenye foleni ya mpakani akala kinachouzwa dirishani hakuchagua mtindo. Amekutwa na hali. Basi yawe magonjwa ya hali ya maisha. Badiliko ni dogo, ila linamwondolea mgonjwa shutuma ya kujitakia, na tunajua wenzetu wanavyosema juu ya msiba wa namna hiyo.

Utapiamlo unahitaji walinzi zaidi. Masikioni mwetu bado ni njaa, mtoto mwenye mbavu za kuhesabika. Wataalamu wameshaupanua ukabeba pande zote mbili, na hesabu zinawaunga mkono: utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta takriban watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na wanawake wapatao 36 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi. Wote wawili huenda wanakaa nyumba moja na kupakuliwa chungu kimoja. Neno moja linalowaunganisha ni hazina, tusilirudishe kwenye njaa peke yake.

Nimefika ninapopataka. Wazee walitenganisha: mnyama hunona, mtu hunenepa. Wataalamu wa mifugo wakaja wakachukua kitenzi cha watu, wakakitia kiambishi cha kusababisha, wakapata unenepeshaji wa ng'ombe. Katika mkoa wetu wenye ranchi kama Kitengule na Missenyi neno hilo halihitaji mfasiri. Dume akinenepeshwa tunauliza kalishwa nini, kwa muda gani, na nani atakayemuuza. Hakuna anayemwita mzembe. Kitenzi hicho tulikopwa, na sasa tukidai. Lishe nayo ina asili hiyo hiyo, imetoka kwenye kulisha na si kwenye kula. Tangu Taasisi ya Chakula na Lishe ilipoundwa mwaka 1973 tunaliandika jina hilo, na bado tukihubiri tunahubiri ulaji tu, kana kwamba mlishaji hayupo.

Kutoka kunenepesha napata nenepeshi, kama tulivyopata potoshi kutoka kupotosha. Vyakula nenepeshi. Matangazo nenepeshi. Mazingira nenepeshi: barabara yenye vikaangwa kila hatua, na tunda halionekani ila msimu wake. Mama wa banda simwiti mnenepeshaji, maana naye anauza kinachonunulika. Neno nimelikusudia mwenye kiwanda na mwenye tangazo.

Nalo linatusaidia kutenganisha wajibu na jukumu, maneno ambayo siku hizi tunayachanganya. Wajibu ni kinachokupasa, na kuchagua sahani ni wajibu wa mlaji, sibishi. Jukumu lilipokuwa la wafanyabiashara wa pwani lilikaa karibu na dhamana na hatari ya mali: mwenye jukumu ndiye aliyebeba hasara. Anayepata faida ya unenepeshaji ana jukumu kwa maana hiyo ya zamani.

Nimeandika nenepeshi bila kiambishi cha ngeli, kama tusemavyo habari potoshi na maneno potoshi. Anayependa vyakula vinenepeshi atoe hoja yake. Mimi nikisikia kinenepeshi nafikiria dawa ya mifugo, na hilo tungewaachia wafugaji.