Dhima ya Aliyetangulia: Khidma na Utetezi wa Wahitimu wa Kwanza wa Kilatino Nchini Marekani

Katika sheria za elimu ya juu za Marekani, mwanafunzi wa kizazi cha kwanza ni yule ambaye hakuna mzazi wake aliyepata shahada ya chuo kikuu. Na miongoni mwa watu wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico na nchi nyingine za Amerika ya Kilatini, ambao kwa jumla huitwa Walatino, wanafunzi wa namna hiyo ni wengi. Aghalabu husifiwa kwa ustahimilivu wao, na sifa hiyo ni haki yao; lakini makala hii yakusudia kuthibitisha jambo kubwa zaidi, nalo ni kwamba aliye wa kwanza kuhitimu katika aila yake hutoka chuoni na ilimu mbili, ile iliyoandikwa katika shahada na ile ya kuijua milango ya chuo chenyewe, na kwamba ilimu hii ya pili, anapoitumia kuwahudumia na kuwatetea wanaomfuata, ni kazi ya kitaaluma istahiliyo ujira na ulinzi wa kanuni, wala si hisani ya mtu mmoja mmoja.

Ilimu hiyo ya milango haimo vitabuni. Itazame fomu ya serikali kuu ya kuombea msaada wa masomo, ambayo mwanafunzi asipoijaza hapati ruzuku ya Pell, yaani fedha ambazo serikali huwapa wanafunzi wa kipato kidogo. Fomu huuliza mapato ya wazazi na kodi waliyolipa. Kwa kijana ambaye baba yake ni daktari, hiyo ni kazi ya jioni moja. Lakini kwa binti wa mchuma zabibu katika Bonde la Kati la California, ambaye baba yake hulipwa kwa msimu, na mama yake hana namba ya hifadhi ya jamii kwa kuwa hana kibali cha kuishi nchini, na ambaye tangu utotoni ndiye mkalimani wa nyumba nzima benki na hospitali, kila swali ni mtihani, na nyuma ya mtihani imo hofu ya kuwaanika wazazi wake mbele ya serikali. Mnasihi aliyewahi kuijaza fomu ile kando ya mama asiyesoma Kiingereza hulijua swali litakalomkwamisha binti huyo kabla hajalifikia, na hutambua kwamba kimya chake ni haya, si uzembe. Laura Rendón, mtaalamu wa elimu, alieleza mwaka 1994 kwamba wanafunzi kama hawa hustawi pale mtu wa chuoni anapowaendea mwenyewe, bila ya kungoja waombe, akawathibitishia kwamba wanaweza na kwamba mahali pale ni pao.

Hata hivyo, khidma peke yake ina mpaka. Mfano ni Antonia Pantoja: alizaliwa San Juan, Puerto Rico, mwaka 1922, akalelewa katika ufukara, akahamia New York mwaka 1944 na kufanya kazi viwandani, kisha akapata shahada katika Chuo cha Hunter mwaka 1952. Mwaka 1961 aliasisi jumuiya ya Aspira, iliyofungua vilabu vya vijana wa Kipuerto Rico katika shule za sekondari, wakafunzwa historia yao, wakanasihiwa juu ya vyuo na kuzoezwa uongozi. Lakini klabu haiwezi kumwokoa mtoto akaaye darasani mwaka mzima asiielewe lugha ya mwalimu. Kwa hiyo Aspira iliishitaki Bodi ya Elimu ya jiji la New York, na mwaka 1974 yakapatikana mapatano yaliyothibitishwa na mahakama, ambayo yaliilazimu bodi kuwasomesha kwa Kihispania watoto wasiojua Kiingereza, huku wakifunzwa Kiingereza. Yaliyoanza kwa nasaha yakaishia katika hukumu.

Utetezi nao una gharama. Mwezi Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wa Los Angeles ya Mashariki walitoka madarasani kupinga desturi ya kuwaelekeza watoto wa Kimeksiko kwenye kazi za mikono badala ya masomo ya kuwaandaa kwa chuo; na Sal Castro, mwalimu wa sekondari ya Lincoln na mwana wa wahamiaji kutoka Meksiko, alisimama pamoja nao, akatiwa mbaroni, akashitakiwa kwa kula njama na kuondolewa darasani, mpaka umma ulipodai arejeshwe.

Wako wasemao kwamba msomi hana deni kwa watu wa asili yake, na kwamba kumfunga kwa dhima hiyo ni kumnyima uhuru ambao wenzake wanao. Hoja hii ina uzito. Amado Padilla wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika mwaka 1994 juu ya kodi ya utamaduni, yaani kazi za ziada za kamati, ushauri na uwakilishi wanazobebeshwa wasomi wa jamii za wachache, kisha zisihesabiwe wakati wa kupandishwa cheo. Lakini dhuluma iliyo katika kodi hiyo haiondolewi kwa kuiacha kazi. Huondolewa kwa kuigawa na kuilipia. Mwaka 1981, katika Chuo cha Chabot mjini Hayward, California, mnasihi Felix Galaviz na mwalimu wa Kiingereza Patricia McGrath waliasisi Mradi wa Puente, unaounganisha mambo matatu: darasa la uandishi lenye kusoma waandishi wa Kilatino, unasihi wa kudumu unaomwelekeza mwanafunzi mpaka ahamie chuo kikuu, na mlezi mtaalamu kutoka katika jamii. Mradi ukaenea vyuo vingi vya jimbo hilo, kwa sababu uliifanya busara ya watu wachache kuwa utaratibu unaofundishika kwa yeyote aliye na nia.

Leo chuo hutambuliwa na sheria kuwa ni cha kuwahudumia Wahispania, jina ambalo sheria huwaita Walatino, pale wanapofikia angalau robo ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza. Kuandikisha, hata hivyo, si kuhudumia. Chuo kinachowashangilia wahitimu wa kizazi cha kwanza siku ya mahafali, kisha kikamwacha mmoja wao awatumikie wengine bure baada ya saa za kazi, kimeichukua ilimu yake bila ya kuilipa. Na haki itatendeka siku ambayo khidma hiyo itaandikwa katika bajeti ya chuo, katika masharti ya ajira na katika vigezo vya kupanda cheo.