Kibofu cha Fungate

Neno fungate lina hesabu ndani yake. Kwa Kiswahili cha zamani ni siku saba, zile ambazo bwana na bibi harusi walikaa ndani wakihudumiwa, wasitoke, wasiulizwe kitu. Hapa Pwani bado tunazitaja, hata kwa maharusi waliopewa ruhusa ya siku mbili tu kazini. Waingereza nao wana neno lao la mwezi na asali, na madaktari wao walilichukua wakalibandika kwenye ugonjwa. Kibofu cha fungate, ndivyo ninavyoutafsiri mimi. Mwanamke amelala na mume wake, na siku moja au mbili baadaye mkojo unachoma kama pilipili, anakimbilia chooni kila dakika kumi, anatoa matone matatu. Anameza dawa, anapona. Wakilala tena, unarudi.

Nimeishi na jambo hili miaka kumi na moja, na fungate yangu ilikwisha zamani. Maumivu nimeyazoea kiasi. Kilichonisukuma kusoma historia yake ni lile swali linalokuja nayo kila mara: umelitoa wapi?

Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana hapa. Tuna kisonono, na kisonono ni ugonjwa wa zinaa, hakuna mjadala. Tuna kichocho, ambacho watoto wa Kwale na Kilifi hukipata kwa kuingia kwenye mabwawa na mito yenye konokono, wakaanza kukojoa damu. Mdudu wake alionekana Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Halafu tuna zile herufi tatu za Kiingereza, UTI, ambazo siku hizi zinabeba kila kitu kilicho chini ya kitovu. Mtu akiwa na kisonono na anaona haya kusema, anasema ana UTI. Kwa hiyo yule mwenye UTI ya kweli akisema ana UTI, watu wanainamisha macho. Kliniki moja niliyowahi kwenda, muuguzi aliniuliza mbele ya foleni kama mume wangu "anatembea", kisha akaandika dawa za watu wawili kabla mkojo haujafika maabara. Nyumbani tulikaa siku nne bila kuzungumza. Kila mmoja alikuwa anahesabu safari za mwenzake.

Na jibu la swali hilo lilishapatikana zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1879 Albert Neisser alikiona kwenye hadubini kijidudu cha kisonono. Miaka sita baadaye, 1885, daktari wa watoto aitwaye Theodor Escherich, akifanya kazi Munich, alieleza bakteria aliyemkuta kwenye choo cha watoto wachanga. Bakteria huyo leo ana jina lake, Escherichia coli, na ndiye anayesababisha sehemu kubwa ya maambukizi ya kibofu. Anaishi kwenye utumbo wa kila mtu, wangu na wako msomaji. Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita nne hivi, wa mwanamume karibu ishirini, na mlango wa ule wa mwanamke uko jirani kabisa na njia ya haja kubwa. Tendo la ndoa linamsukuma mdudu kutoka jirani hadi ndani. Hakuna haja ya mtu wa tatu katika hadithi hii. Bi harusi aliyeolewa bikira na bwana harusi ambaye hajawahi kumgusa mwingine wanaweza kuamka nalo siku ya tatu ya fungate yao.

Sasa, kama lilijulikana, mbona wanawake waliendelea kuambiwa hawana kitu? Hapa inabidi twende Boston. Mwaka 1956 Edward Kass alichapisha kazi iliyoipa dunia kipimo: mkojo ukiwa na bakteria 100,000 au zaidi katika mililita moja, hayo ni maambukizi, pungufu ya hapo, huenda ni uchafu ulioingia wakati wa kukinga. Ilikuwa kazi nzuri. Kass alikuwa anawatafuta watu wenye maambukizi ya figo na wale wenye bakteria bila dalili, na kwa kazi hiyo namba yake ilifaa. Lakini namba ikishaingia maabara hugeuka ukuta. Mwanamke anakuja analia, mkojo unapimwa, unaonyesha elfu tano, anaambiwa mkojo wake ni safi. Wanawake wa namna hii walikuwa wengi hata wakapewa jina lao la kitabibu, jina la dalili za mrija wa mkojo zisizo na chanzo. Wengine walipanuliwa mrija kwa vyuma, tena na tena. Wengine waliambiwa shida iko kichwani, labda hawaipendi ndoa.

Ukuta huo ulibomolewa mwaka 1982. Walter Stamm na wenzake wa Seattle waliwachukua wanawake wenye maumivu na kutoa mkojo moja kwa moja kwenye kibofu, kwa sindano au mpira, ili asije mtu akasema ni uchafu wa njiani. Wakagundua kwamba kipimo cha 100,000 kiliwanasa nusu tu ya wanawake ambao kibofu chao kilikuwa kweli na bakteria wa aina hiyo. Nusu! Kwa mwenye dalili, walisema, hata bakteria 100 katika mililita wana maana. Kutoka 1956 hadi 1982 ni miaka 26. Msichana aliyeolewa Kass alipochapisha angeweza kuwa bibi tayari, na ameambiwa maisha yake yote kwamba anajifanya.

Katikati ya miaka hiyo kuna utafiti mmoja ambao mimi naupenda kwa sababu unachekesha kidogo. Calvin Kunin na Regina McCormack, mwaka 1968, waliwalinganisha watawa wa kike na wanawake wa kawaida wanaofanya kazi. Watawa vijana walikuwa na bakteria kwenye mkojo kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wa nje. Yaani ilibidi kwenda mpaka kwenye nyumba za watawa ili kuthibitisha jambo ambalo makungwi wangelisema bila kulipwa.

Somo yangu, Mungu amrehemu, hakusoma zaidi ya madrasa. Usiku kabla ya harusi alinifundisha mengi, mengine siwezi kuyaandika hapa, lakini hili naliandika: "Ukimaliza usilale, mwanangu. Inuka, ukojoe, ujitie maji, ndipo urudi." Sikuuliza kwa nini. Miaka baadaye nilikutana na maneno karibu yale yale kwa mwanamke Mwingereza, Angela Kilmartin, aliyekuwa mwimbaji. Aliugua baada ya kuolewa, akazungushwa na madaktari, akachoka, akaanza kujichunguza mwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliunda chama cha wagonjwa, U and I Club, na mwaka 1973 akatoa kitabu, Understanding Cystitis. Ushauri wake mkubwa ulikuwa kunywa maji mengi mara maumivu yanapoanza, na kujisafisha kwa chupa ya maji. Waingereza waliokuwa wakitumia karatasi tu waliona ni uvumbuzi. Mimi nilicheka peke yangu, nikiliangalia kopo letu la chooni.

Lakini nisimpe somo yangu sifa zote. Mwaka 1996 Thomas Hooton na wenzake walichapisha utafiti uliowafuatilia wanawake vijana karibu mia nane. Kilichoonekana wazi kuongeza hatari kilikuwa tendo lenyewe, hasa likiwa la karibuni na la mara kwa mara, pamoja na kutumia diaframu yenye dawa ya kuua mbegu za kiume. Kukojoa baadaye hakukuonyesha tofauti ya maana. Mimi bado nainuka. Hakuna gharama, na sitaki kubishana na marehemu. Ila mwanamke anayefuata kila sharti la usafi na bado anaugua asiambiwe ni mchafu. Na wale wanaojisugua kwa sabuni kali na dawa za kuulia vijidudu, waache, wanajichubua tu. Maji ya kunywa yana ushahidi zaidi: mwaka 2018 Hooton huyo huyo alionyesha kwamba wanawake waliokuwa wakinywa maji kidogo, walipoongeza lita moja na nusu kwa siku, walipata wastani wa maambukizi 1.7 kwa mwaka, na wenzao ambao hawakuongeza walipata 3.2.

Kuna pia njia ya kidonge kimoja. Mwaka 1990 Ann Stapleton na wenzake walijaribu kuwapa wanawake kidonge kidogo cha kotrimoksazoli baada ya kila tendo, na wengine kidonge cha bure kisicho na dawa. Waliopewa dawa walipata maambukizi 0.3 kwa mwaka, wengine 3.6. Wanawake walikuwa 27 tu, lakini tofauti ni kubwa mno kupuuzwa. Nilipolisoma nilitaka kupiga vigelegele. Halafu nikakumbuka kotrimoksazoli ni nini hapa kwetu. Ni Septrin. Hapa Kenya Septrin ni dawa ambayo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakipewa kuimeza kila siku, na kila mtu anajua. Weka kopo la Septrin kando ya kitanda uone mawifi watakaokuja kukusalimia. Isitoshe, tumeimeza sana kwa kila kikohozi, bila cheti, hata bakteria wengi hawaishtuki tena. Dawa iliyofanya kazi Seattle imefika kwetu ikiwa imechoka, na imebeba uvumi.

Daktari ninayemwona sasa, mama mmoja mpole, hakuanza na kidonge. Alioteshea mkojo wangu maabara kwanza, akaniambia nije mbio nikipata homa au maumivu ya kiuno, maana hapo mdudu ameshapanda kwenye figo, na akamwita mume wangu ndani. Alimchorea utumbo, kibofu na ule mrija wa sentimita nne. Mume wangu aliitazama karatasi, akauliza, "Kwa hiyo hakuna mtu?" Daktari akasema hakuna mtu.

Alinitajia pia methenamini, dawa ya tangu mwisho wa karne ya 19 iliyosahaulika antibayotiki zilipokuja. Ndani ya mkojo wenye asidi inageuka fomaldehidi na kuwaua bakteria, bila kuwafundisha usugu kama antibayotiki. Mwaka 2022 utafiti wa Uingereza kwa wanawake 240 ulionyesha kwamba haiko nyuma sana ya antibayotiki za kila siku katika kuzuia maambukizi yasirudi. Nimeiulizia katika maduka matatu ya dawa mjini. La kwanza walisema hawana. Mawili yaliyobaki waliniomba niwaandikie jina.