Kosta Rika

Kosta Rika ni jamhuri ya Amerika ya Kati yenye eneo la kilomita za mraba 51,100. Inapakana na Nikaragua kaskazini na Panama kusini-mashariki. Mashariki iko Bahari ya Karibi, magharibi Pasifiki. Mji mkuu ni San José. Ilipata uhuru kutoka Hispania mwaka 1821.

Nchi ilitajirika kwa kahawa ya Bonde la Kati. Tangu katikati ya karne ya 19, kahawa iliteremshwa kwa mikokoteni ya ng'ombe hadi bandari ya Puntarenas, safari ya siku 10 hadi 15. Magurudumu yalikuwa ya mbao nzima, bila spoki, ili yasinase tope. Pete ya chuma iligonga kitovu cha gurudumu, na kila mkokoteni ulijulikana kwa mlio wake. Mafundi wa mji wa Sarchí bado wanaitengeneza na kuipamba kwa rangi.

Mwaka 1871 ilianza kujengwa reli ya kwenda Limón, pwani ya Karibi, ili kahawa ifike Ulaya upesi. Ilikamilika mwaka 1890, baada ya maelfu ya vibarua kufa kwa malaria na homa ya manjano. Wengi wa vibarua walitoka Jamaika, na ndio waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya ndizi ya mjenzi wa reli hiyo, Minor Keith, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya United Fruit. Malipo yao yalikuwa dhuluma: sheria ya mwaka 1934 ilikataza watu weusi kuajiriwa katika mashamba ya ndizi upande wa Pasifiki. Hata hivyo Limón imebaki na sura yao. Huko wali na maharage hupikwa kwa tui la nazi, kama Mombasa au Tanga, na kalipso huimbwa kwa Kiingereza cha Karibi. Walter Ferguson, mtunzi mashuhuri wa Cahuita aliyefariki mwaka 2023, alijirekodi mwenyewe kwenye kaseti na kuwauzia wageni.

Mwaka 1948 kufutwa kwa matokeo ya uchaguzi kulizua vita vya siku 44. Mshindi wa vita hivyo, José Figueres, alivunja jeshi tarehe 1 Desemba mwaka huohuo, akapiga nyundo ukuta wa ngome ya Bellavista, ambayo sasa ni Makumbusho ya Taifa. Katiba ya 1949 ilithibitisha uamuzi huo, na haujatenguliwa hadi leo.

Sifa ya Kosta Rika kwa misitu yake ni ya karibuni. Kwa miongo mingi aliyefyeka pori alihesabiwa kuwa ameiendeleza ardhi, na malisho ya ng'ombe yakatapakaa. Kufikia miaka ya 1980 msitu ulikuwa chini ya theluthi moja ya nchi. Sheria ya 1996 ilipiga marufuku kugeuza msitu kuwa shamba, ikaweka utaratibu wa kuwalipa wenye ardhi wanaoutunza, kwa fedha za kodi ya mafuta ya magari. Leo msitu umefunika zaidi ya nusu ya nchi. Mananasi ya kuuza nje, kwa upande wake, yameleta madhara mapya: katika vijiji vya Siquirres dawa ya magugu iitwayo bromasili iliingia kwenye maji ya kunywa, wakazi wakawa wanaletewa maji kwa malori miaka nenda miaka rudi. Dawa hiyo ilipigwa marufuku mwaka 2017.